Roy DeCarava: Mpigapicha wa Muziki Gizani

Aghalabu zinapotajwa picha za wanamuziki wa jazi wakiwa jukwaani, fikra za wengi hurukia zile picha zenye mng'aro: saksafoni inayometa kama dhahabu, moshi wa sigara uliomulikwa kwa nyuma ukapanda kama uzi, na uso wa mwanamuziki ulionawirishwa kwa taa zilizopangwa kwa ustadi. Ni picha nzuri, na baadhi ya waliozipiga, mathalani Herman Leonard, walikuwa mafundi waliokubuhu. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kuketi katika ukumbi mdogo wa muziki usiku anajua kwamba ukumbi wenyewe haufanani hivyo. Ukumbi una giza. Kuna taa moja au mbili hafifu juu ya jukwaa, na mpiga ngoma aliye nyuma huonekana nusu tu. Wasikilizaji nao huwa ni vivuli. Wapo wapigapicha waliolichukulia giza hilo kuwa adui wa kushindwa kwa taa. Roy DeCarava alilichukulia kuwa sehemu ya muziki, na msimamo huo aliushikilia kwa takriban miaka sitini, hata ulipomgharimu wachapishaji, fedha na sifa ambazo wenzake walizipata mapema.

Roy Rudolph DeCarava alizaliwa tarehe 9 Desemba 1919 katika mtaa wa Harlem, jijini New York. Mamake, Elfreda Ferguson, alikuwa mhamiaji kutoka kisiwa cha Jamaica, naye ndiye aliyemlea mwanawe huyo wa pekee. Harlem ya miaka hiyo ilikuwa makao ya Wamarekani Weusi waliohama kutoka majimbo ya Kusini, wahamiaji wa visiwa vya Karibi, washairi, wahubiri, vibarua na wanamuziki. Mtoto Roy alikulia katika umaskini wa mjini, akifanya vibarua vya kitoto ili kusaidia nyumbani, lakini pia alikulia mahali ambapo muziki ulipenya kutoka dirisha hadi dirisha. Ikumbukwe kwamba Duke Ellington alipokuwa akijijengea jina katika kumbi za Harlem mwishoni mwa miaka ya 1920, DeCarava alikuwa mvulana wa mtaa huohuo. Jazi haikumfikia kama jambo la kigeni la kwenda kutazamwa. Ilikuwa sauti ya kwao.

Alipenda kuchora tangu utotoni. Mwaka wa 1938 aliingia katika chuo cha Cooper Union, chuo cha sanaa chenye sifa jijini New York, lakini baada ya miaka miwili aliondoka kwa kuchoshwa na ubaguzi wa rangi. Akahamia Harlem Community Art Center, alikosomea kuanzia 1940 hadi 1942 miongoni mwa Weusi wenzake. Baadaye alisoma katika shule ya sanaa iliyopewa jina la George Washington Carver, ambako mchoraji mashuhuri Charles White alikuwa mmoja wa walimu. Katikati ya vipindi hivyo, mnamo 1943, aliitwa jeshini na kupelekwa Kusini. Ubaguzi alioukuta huko ulimvunja afya ya akili, akaruhusiwa kuondoka baada ya muda mfupi. Ni tukio ambalo halichukui nafasi kubwa katika maandishi mengi yanayomhusu, lakini huenda ndilo linaloeleza kwa nini mtu huyu hakukubali tena kuamriwa na yeyote jinsi ya kuutazama uso wa mtu Mweusi.

Kamera aliishika kwa sababu ya kawaida kabisa. Akiwa mchoraji, alihitaji kumbukumbu ya mambo aliyoyaona barabarani ili akayachore nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 aligundua kwamba ile kumbukumbu ilikuwa imekwisha kuwa kazi yenyewe. Kamera ndogo ya filamu ya milimita 35 ilimfaa mtu aliyefanya kazi ya ajira mchana na ambaye muda wake wa sanaa ulikuwa jioni na usiku. Aliweza kutembea nayo, kuingia nayo kwenye ngazi za reli ya chini ya ardhi, jikoni kwa majirani, na katika vilabu vya muziki, pasi na mzigo wa taa na vigoda. Brashi akaziweka kando.

Mwaka wa 1950 alifanya onyesho lake la kwanza la picha jijini New York. Edward Steichen, aliyekuwa mkuu wa idara ya picha katika Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa, alizipenda, akanunua baadhi kwa ajili ya jumba hilo na kumhimiza DeCarava aombe ufadhili wa Guggenheim. Aliupata mwaka wa 1952, akawa mpigapicha Mweusi wa kwanza kuupata. Ufadhili ulikuwa dola 3,200, na ulimwezesha kuacha ajira kwa mwaka mmoja na kuipiga picha Harlem kama mwenyeji wake. Lengo alilolieleza katika ombi lake lilikuwa kuwaonyesha watu Weusi kwa undani wa utu wao, jambo aliloamini kwamba ni mpigapicha Mweusi pekee angeweza kulifikia. Hakutaka picha za kuwahurumia maskini. Hakutaka pia picha za takwimu za kijamii, zile ambazo magazeti ya wakati huo yalizipenda kila yalipozungumzia mitaa ya Weusi.

Mwaka ulipokwisha, alikuwa na lundo la picha na hakuna aliyetaka kuzichapisha. Hapo ndipo alipompelekea mshairi Langston Hughes, aliyekuwa mkazi wa Harlem vilevile. Hughes alizitafutia mchapishaji, na jibu likawa kwamba zingetolewa iwapo yeye mwenyewe angeziandikia maneno. Akachagua picha kutoka katika mamia aliyopewa, akazipanga, na kutokana nazo akambuni bibi mmoja mkongwe wa Harlem, Sister Mary Bradley, anayesimulia habari za wanawe na wajukuu wake. Kitabu hicho, *The Sweet Flypaper of Life*, kilitolewa mwaka wa 1955. Mwanafunzi wa fasihi atakiona kuwa kazi ya ajabu: picha hazielezi hadithi wala hadithi haielezi picha, ila vyote viwili vinatembea sambamba kama sauti mbili katika wimbo mmoja. Kilikuwa kitabu kidogo cha bei nafuu, na udogo wake uliziumiza picha, maana kurasa zilikuwa finyu na uchapaji wake haukuweza kubeba viwango vyote vya weusi ambavyo mpigapicha alivihangaikia.

Hughes huyo ndiye aliyefika Makerere mnamo Juni 1962 katika kongamano la waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza, kongamano ambalo wanafunzi wa Kiswahili hulijua zaidi kwa wale ambao halikuwaalika. Shaaban Robert, aliyekuwa hai kongamano lilipofunguliwa, alifariki mwezi uo huo. Harlem na Tanga zilikuwa na waandishi waliofanana kwa mengi katika kuwatetea watu wao, na kwa bahati mbaya njia zao hazikukutana.

Turudi kwenye muziki. DeCarava alianza kuwapiga picha wanamuziki wa jazi kwa bidii katikati ya miaka ya 1950, na miaka kumi iliyofuata ndiyo iliyozaa picha zake kubwa za jukwaani. Ili kuelewa alichokifanya, yafaa kufahamu kidogo namna kamera inavyofanya kazi gizani. Filamu huhitaji kiasi fulani cha nuru ili ishike sura. Nuru ikiwa haba, mpigapicha ana njia chache tu. Anaweza kuongeza nuru kwa flashi; anaweza kufungua tundu la lenzi hadi mwisho, na hapo eneo linaloonekana kwa ukali huwa jembamba mno; anaweza kuuacha mlango wa kamera wazi kwa muda mrefu, na kila kinachosogea kikaacha ukungu; au anaweza kuipika filamu zaidi wakati wa kuisafisha, na picha ikatoka na chembechembe kama mchanga. Mafundi wengi wa zama hizo walichagua flashi. Leonard alitumia taa zake mwenyewe, akiziweka karibu na taa za ukumbi ili zifuate mwelekeo uleule.

DeCarava aliikataa flashi. Sababu yake ya kwanza ilikuwa ya adabu, kwani mwanga wa ghafla humshtua mwanamuziki na kumkatiza msikilizaji. Sababu ya pili ilikuwa ya ukweli. Flashi huua kivuli, na pamoja na kivuli huua kina cha mahali. Kisha ipo sababu ya tatu, ambayo pengine ndiyo iliyokuwa nzito zaidi. Vipimo na mazoea ya upigaji picha ya wakati huo yalizingatia zaidi ngozi nyeupe, na aghalabu uso Mweusi ulipigwa ama kwa mwanga mkali uliouparuza na kuupa rangi ya majivu, ama kwa uzembe uliougeuza doa jeusi lisilo na macho. DeCarava alijua kutokana na uchoraji wake kwamba weusi si rangi moja. Katika chumba cha kusafishia picha alitafuta daraja nyingi za kijivu kilichokolea, moja baada ya nyingine, hadi uso ulipoanza kujitokeza polepole kutoka gizani bila kuliacha giza lenyewe. Mtazamaji mwenye haraka huziona picha zake kuwa nyeusi tu. Akisimama mbele yake kwa dakika moja au mbili, macho huzoea, kama yanavyozoea mtu anapoingia ukumbini kutoka barabarani, na mambo huanza kuonekana: kidole juu ya kitufe cha saksafoni, ukosi wa shati, kichwa cha msikilizaji wa safu ya mbele.

Zingatia picha aliyompiga John Coltrane mwaka wa 1963 akipuliza saksafoni ya soprano. Coltrane wakati huo alikuwa kileleni, akiwa na McCoy Tyner kwenye piano, Jimmy Garrison kwenye besi na Elvin Jones kwenye ngoma. Mpigapicha wa gazeti angesubiri tua, angetaka macho yaonekane na chombo king'ae. DeCarava alibofya wakati muziki ukiendelea, na mwanamuziki mwenyewe anatetema ndani ya picha. Ule ukungu, ambao mwalimu wa shule ya picha angeutia kalamu nyekundu, ndio unaompa mtazamaji hisia ya pumzi inayosukumwa. Mwaka wa 1961 alikuwa amempiga Elvin Jones kwa karibu, uso ukilowa jasho. Hapo hakuna ngoma wala vijiti. Upo uso wa mtu anayefanya kazi ngumu. Kwa DeCarava mwanamuziki alikuwa mfanyakazi. Aliwapiga vibarua wa New York kwa heshima ileile aliyowapigia wapiga besi, na katika mpangilio wake wa picha, aghalabu hawa huja jirani na wale.

Jambo jingine linalozipambanua picha hizi ni kwamba hazikomei jukwaani. Maonyesho ya muziki yana saa nyingi ambazo hakuna muziki: kusubiri zamu, mapumziko, vyumba vya nyuma, safari ya kurudi nyumbani alfajiri. DeCarava alikuwepo saa hizo. Alimpiga Billie Holiday mwaka wa 1957 akiwa katika karamu pamoja na mpiga piano Hazel Scott, bila taa ya jukwaa wala maikrofoni. Aliwapiga pia wacheza dansi. Picha yake ya mwaka wa 1956 inayowaonyesha wanaume wawili wakicheza ukumbini Harlem ilimsumbua kwa miaka mingi. Miili ile iliyojipinda ilimkumbusha michezo ya kale ya kuwadhihaki Weusi, lakini papo hapo aliona ndani yake furaha na ustadi wa kweli. Hakuificha picha hiyo. Aliionyesha pamoja na wasiwasi wake, jambo linaloshuhudia kwamba mapenzi yake kwa watu wake hayakuwa ya kupaka rangi.

Mwaka wa 1958 aliacha ajira ya kuchora matangazo na kuanza kujitegemea kwa kamera. Ulikuwa uamuzi wa mtu mwenye moyo wa simba. Milango ya magazeti makubwa ilikuwa imefungwa kwa wapigapicha Weusi, isipokuwa wachache sana waliotangulia kama Gordon Parks. DeCarava alipiga picha za majalada ya santuri na kazi nyingine za kuagizwa. Kabla ya hapo, kati ya 1955 na 1957, alikuwa amegeuza nyumba yake kuwa mahali pa maonyesho, akizitundika kazi za wapigapicha wenzake wakati ambapo ni wachache waliokubali kwamba picha ni sanaa inayostahili kutundikwa ukutani na kuuzwa. Mradi huo haukumletea faida, ukafungwa.

Kuna sura moja ya maisha yake ambayo msomaji wa Kenya hawezi kuipita bila kutabasamu. Mwaka wa 1963, kundi la wapigapicha Weusi jijini New York lilijiunga pamoja ili kukosoana, kufundishana na kutafuta njia za kuonyesha kazi zao, na DeCarava akawa mkurugenzi wao wa kwanza. Walihitaji jina. Mmoja wao, Al Fennar, alikuwa amekisoma kitabu cha Jomo Kenyatta, *Facing Mount Kenya*, kilichotolewa mwaka wa 1938, na humo akakuta neno la Kikuyu lenye maana ya kundi la watu wanaotenda jambo kwa pamoja. Wakajiita Kamoinge. Kila Mkikuyu anaijua methali inayolibeba neno hilo, ile isemayo kwamba kikundi kidogo ndicho huinua kinu. Mwaka huohuo, tarehe 12 Desemba, Kenya ilijipatia uhuru, na neno la nyanya zetu likawa tayari limepata makao Harlem. DeCarava hakudumu katika uongozi kwa miaka mingi, lakini Kamoinge limeendelea kuwapo hata baada yake. Ming Smith, mwanamke wa kwanza kukubaliwa katika kundi hilo, ni miongoni mwa waliouendeleza upigaji picha wa muziki kwa nuru hafifu na ukungu wa mwendo, na picha zake za Sun Ra akiwa jukwaani mwaka wa 1978 ni ithibati ya urithi huo.

Katika miaka hiyohiyo ya sitini DeCarava aliongoza kamati iliyopigania haki za wapigapicha Weusi katika chama cha wapigapicha wa magazeti. Mnamo Agosti 1963 alikuwa Washington katika maandamano makubwa ya haki za raia, na hata huko alitoka na picha za nyuso, akiacha umati kwa wengine. Mwaka wa 1969, jumba kuu la makumbusho la New York, Metropolitan, lilipoandaa onyesho kuhusu Harlem ambalo liliwaacha nje wachoraji na wachongaji wa Harlem yenyewe, DeCarava alikataa kushiriki. Mtu aliyeijua Harlem kwa miaka hamsini alikuwa na haki ya kutilia shaka Harlem iliyotungwa na wageni. Kuanzia 1968 hadi 1975 alilipia kodi ya nyumba kwa kufanya kazi na jarida la *Sports Illustrated*. Ukizitazama picha zake za muziki, si vigumu kukisia jinsi mtu huyo alivyojisikia pembeni mwa viwanja vya michezo.

Lakini jeraha lake la kweli lilikuwa kitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliketi na picha zake za jazi na za maisha ya Harlem, karibu mia mbili, akazipanga kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, na kuziandikia shairi lake mwenyewe linalopita katikati yake. Safari hii hakuhitaji mshairi wa kumsemea. Kazi hiyo aliiita *The Sound I Saw*, yaani sauti niliyoiona, na jina lenyewe linatosha kueleza alichokuwa akikitafuta. Mpango wake ni wa kimuziki. Picha ya mwanamuziki hufuatwa na ngazi za nyumba ya kupanga, mtoto, mti, mfanyakazi wa barabarani, kisha mwanamuziki mwingine. Dhamira huondoka na kurejea ikiwa imegeuka kidogo, kama wafanyavyo wapiga jazi wanapouchukua wimbo unaojulikana na kuuzungusha. Maneno hayatoi maelezo ya nani yumo pichani. Msomaji anayetaka orodha ya majina ya wasanii maarufu hatahudumiwa, na bila shaka hilo lilikuwa mojawapo ya mambo yaliyowatia wachapishaji wasiwasi.

Kitabu hicho kilikaa. Miaka ya sitini ikapita, Coltrane akafariki mwaka wa 1967, vilabu vingi vya zama hizo vikafungwa mmoja baada ya mwingine, na vijana wakahamia muziki mwingine. Mwaka wa 1983 jumba la Studio Museum la Harlem liliandaa onyesho la picha zake za jazi kwa jina hilohilo, watu wakaziona ukutani, lakini kitabu chenyewe kilibaki nakala ya mkono. Kilichapishwa mwaka wa 2001, mwandishi wake akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Ilikuwa imechukua takriban miaka arubaini. Haifai kusema kwamba kungoja huko kulikuwa na heri. Kitabu kile kingetoka mwaka wa 1964, wakati Elvin Jones na wenzake walipokuwa wakipiga karibu kila usiku, kingezungumza na wasikilizaji walewale waliokuwa ukumbini, na huenda kizazi kizima cha wapigapicha vijana kingejifunza mapema kwamba giza si kosa. Kwa upande mwingine, uchapaji wa mwaka wa 2001 uliweza kuhifadhi daraja za kijivu ambazo mitambo ya 1955 ilizimeza. DeCarava, ambaye alikuwa mkali sana kuhusu jinsi picha zake zinavyotolewa upya, alipata angalau haki hiyo.

Tangu 1975 alikuwa mwalimu katika chuo cha Hunter jijini New York, na huko alidumu kwa zaidi ya miongo mitatu, akipanda hadi cheo cha juu cha uprofesa. Wanafunzi wake walijifunza kwa mtu ambaye bado alisafisha picha zake mwenyewe. Alikuwa amemwoa Sherry Turner, mwanahistoria wa sanaa, mwaka wa 1970, wakajaliwa mabinti watatu, na ni Sherry aliyeandika baadhi ya tahakiki bora zaidi kuhusu kazi ya mumewe. Mara nyingi tahakiki za nje zilimtaja kama shahidi wa mtaa maskini, na jina hilo halikumridhisha. Alijiona msanii, mrithi wa wachoraji, anayetumia kamera. Picha yake ya mwaka wa 1953 inayoonyesha ujia mwembamba ndani ya nyumba ya kupanga, pasi na mtu yeyote, na nuru hafifu tu, ni uthibitisho wa kutosha. Ujia ule ulimkumbusha nyumba za utotoni mwake, zilizojengwa kwa ubahili na watu ambao hawangeishi humo. Giza la ujia huo na giza la ukumbi wa Coltrane ni giza moja, na mtoto aliyejifunza kuona katika la kwanza ndiye mzee aliyeweza kuona katika la pili.

Heshima kubwa zilimjia uzeeni. Mwaka wa 1996 Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa, lile lile ambalo Steichen alilinunulia picha zake miaka arubaini na kitu iliyotangulia, liliandaa onyesho kubwa la kazi yake yote, ambalo baadaye lilizunguka katika miji mingine ya Marekani. Mwaka wa 2006 alitunukiwa nishani ya taifa ya sanaa. Roy DeCarava alifariki jijini New York tarehe 27 Oktoba 2009, akiwa na umri wa miaka themanini na tisa.

Mwaka wa 2019, miaka mia moja tangu azaliwe, *The Sound I Saw* ilichapishwa upya, na picha zake zikatundikwa tena New York katika maonyesho mawili ya wakati mmoja, moja likiwa la jazi peke yake. Coltrane wa 1963 yungali pale, amefumbatwa na giza lake, akipuliza.